Meza Mpya, Sura ya Zamani

 

Mwezi huu nataka tuongee juu ya kazi moja ambayo watu wananiulizia sana wakipita mbele ya kibanda changu cha useremala. Ni ile kazi ya kuchukua meza, stuli au rafu mpya ya mbao nyeupe, kuikwaruza, kuitia rangi ya chai, na kuipa sura ya kitu kilichokaa na watu miaka mingi. Wengine wanacheka kabisa. Wanasema, "Fundi, sisi tunahangaika kutafuta vipya, wewe unavizeesha!" Swali lao siyo baya. Nitalijibu kwanza, halafu nitawaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana ni kazi ambayo mama na watoto wanaweza kuifanya nyumbani bila kumlipa fundi.

KWA NINI TUZEESHE KITU KIPYA?

Kambi yetu ya Dzaleka ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa wakati wa Rais Kamuzu Banda. Kuna watoto waliozaliwa hapa ambao leo nao ni baba na mama. Lakini ingia katika nyumba zetu utazame. Nyumba nyingi zina vitu vya mtu anayesafiri kesho asubuhi. Mgeni anakalia ndoo iliyogeuzwa. Sahani zinawekwa juu ya boksi. Benchi ni ubao mmoja uliopigwa misumari juu ya miguu minne, haukupigwa hata randa, unachana nguo za watu. Ukiuliza, jibu ni moja: "Ya nini kujisumbua? Sisi tuko njiani."

Mimi mwenyewe ni mtu wa Uvira, na nimeshaambiwa neno hilo na wateja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilikuwa nawapa walichotaka. Meza ya haraka, bei ndogo, basi.

Kilichobadilisha mambo ni familia moja ya jirani zangu. Walikuwa wamemaliza safari ndefu ya mahojiano na vipimo, wakaambiwa wanakwenda Marekani. Kama kawaida yetu, waliuza vyote: vitanda, kabati, meza na viti sita nilivyowatengenezea kwa mkono wangu. Walibaki na mifuko na magodoro. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari za watu ambao hata walikuwa na tarehe zikafutwa. Jirani zangu wakabaki katika nyumba tupu. Nyumba ilikuwa yao, lakini ilikuwa kama stendi ya basi.

Miezi ikapita. Siku moja mama wa nyumba ile akaja kwangu. Nilimkaribisha, nikamwambia, "Karibu dada, naona leo umenikumbuka."

Akasema, "Fundi, nitengenezee meza. Pesa nitakupa kidogo kidogo. Lakini miye sitaki meza ya kung'aa. Ile ya vanishi inanitazama kama mgeni. Nataka meza yenye sura ya kuwa ilikuwepo."

Sikucheka. Nilielewa. Meza waliyouza ilikuwa na alama za miaka kumi: mahali watoto walipochorea hesabu, mahali sufuria ya moto iliacha duara, ukingo uliolainika kwa mikono. Mtu akipoteza vitu vya namna hiyo mara mbili, mara ya kwanza kwa vita, mara ya pili kwa matumaini, kitu kipya kinachong'aa kinaweza kumuumiza badala ya kumfurahisha.

Kuna sababu nyingine pia, na hii ni ya akili ya kawaida tu. Meza iliyopigwa vanishi ya kioo ikikwaruzwa mara moja, kila mtu anaona kovu. Katika nyumba zetu zenye watoto saba na sakafu ya udongo, meza ile inaharibika sura ndani ya mwezi. Meza iliyokwaruzwa tayari kwa utaratibu haiogopi mkwaruzo mpya. Alama mpya inaingia kati ya alama nyingine na hakuna anayeiona. Kwa hiyo hii sura ya zamani inamfaa mtu maskini kuliko inavyomfaa tajiri.

MBAO GANI INAFAA

Mbao inayofaa kuliko zote ni hii hii paini tunayoidharau. Sehemu kubwa ya paini ya Malawi inatoka milima ya Viphya huko kaskazini, msitu wa Chikangawa. Msitu ule ulipandwa na watu kwa mpango wa kupata kiwanda cha karatasi, na kiwanda hakikujengwa. Miti ikabaki, ikawa mbao za mapaa, milango na meza zetu.

Tazama ubao wa paini kwa karibu. Utaona mistari: mmoja mweupe mpana, mmoja wa kahawia mwembamba, mweupe, kahawia. Mweupe ni mti ulipokua haraka wakati wa mvua, na sehemu hiyo ni laini. Wa kahawia ni mti ulipokua polepole, na sehemu hiyo ni ngumu. Hapo ndipo siri ya kazi yote. Ukipitisha brashi ya waya, ile laini inatoka na ile ngumu inabaki imesimama. Ubao unapata mabonde na vilima vidogo ambavyo kidole kinavisikia. Ubao uliokaa juani na kwenye mvua miaka ishirini unafanywa hivyo hivyo na hali ya hewa. Sisi tunafupisha muda tu.

Mninga, ambao wenyeji wanauita mlombwa, haufai sana kwa kazi hii. Ni mbao nzuri yenye rangi yake, ukiukwaruza unauonea. Bulugamu ni mgumu na unapenda kupasuka. Kuhusu ule mwerezi wa mlima Mulanje, mti wa taifa wa Malawi, uacheni kabisa. Umekatwa mpaka uko hatarini kutoweka duniani, na ukiletewa ubao wake kwa siri ujue umetoka mahali pasipo halali. Kama mtu anatamani sura ya mbao ya kale, ni afadhali tumpe paini yenye sura hiyo kuliko kuuangusha mti wa kale wenyewe.

Chagua ubao wenye mistari mipana inayoonekana wazi. Uwe umekauka. Mbao mbichi inajaza brashi utomvu, na baadaye meza inapinda. Ukinunua mbao nzito zenye baridi ukizigusa, zipange kivulini, weka vijiti katikati ili hewa ipite, uzisubiri wiki kadhaa. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, zinakauka vizuri kuliko wakati wa mvua.

VIFAA

Havizidi hivi: brashi ya waya wa chuma, ile ya kusugulia kutu, brashi ngumu ya kufulia nguo, msasa namba 80, 120 na 220, tupa au kipande cha kioo kwa kingo, majani ya chai, siki nyeupe, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria au misumari yenye kutu, nta ya nyuki, na vitambaa vya pamba vilivyochakaa. Brashi na msasa mnaweza kuchanga majirani wawili watatu mkazitumia kwa zamu.

HATUA YA KWANZA: BRASHI

Weka ubao au meza mahali pa wazi, nje. Funga kitambaa puani, maana vumbi la paini linakohoza. Kama una miwani ya aina yoyote vaa, kwa sababu waya za brashi zinakatika na kuruka.

Sukuma brashi kufuata mistari ya mbao. Narudia: kufuata mistari, siyo kukatisha. Ukikatisha, unapata mikwaruzo ya paka, na mikwaruzo ile haifanani na uzee, inafanana na hasira. Sukuma kwa nguvu, mwendo mrefu, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Baada ya dakika tano utaanza kuona unga mweupe unatoka. Endelea. Uso wa meza ndogo unachukua kama saa moja au zaidi, inategemea mkono.

Usitafute usawa kila mahali. Panapotoka sana acha patoke, pakikataa acha. Karibu na vifundo vya matawi mbao ni ngumu na brashi itateleza. Ndiyo asili yake.

Ukimaliza, pitisha brashi ya kufulia ili kutoa vumbi kwenye mabonde. Halafu chukua msasa namba 120, uukunje mkononi, pitisha kwa upole juu ya vilima tu, kufuata mistari. Kusudi ni kutoa vibanzi. Mwisho namba 220. Sasa funga macho, pitisha kiganja. Pasipochoma, umemaliza. Panapochoma, rudia, kwa sababu hapo ndipo mtoto ataweka mkono wake.

Kwa meza ya yule jirani, mimi nilikata na kuunga, kazi ya brashi ikafanywa na mabinti zake wawili kwa siku tatu mchana. Walikuwa hawasemi sana siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wanabishana ni nani aliyefanya upande mzuri.

HATUA YA PILI: KUCHAKAA KUNA MAHALI PAKE

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanachukua mnyororo au nyundo, wanapiga meza yote kama nyoka. Kitu cha zamani hakichakai hivyo. Kinachakaa pale mtu alipokigusa.

Kabla hujashika tupa, kaa kwenye kiti kile. Kaa kweli kweli. Angalia miguu yako inakanyaga wapi: ni kile kijiti cha mbele kinachounga miguu ya kiti. Hapo ndipo pa kulainisha, upande wa juu, katikati. Angalia mkono unashika wapi unaposimama: ni kingo za mbele za kiti, kushoto na kulia. Mezani, viwiko vinakaa ukingoni mbele ya kila mtu. Kwenye kabati, ni karibu na kishikio na kwenye kona ya chini ya mlango ambapo watu wanasukuma kwa mguu. Nyuma ya kabati, upande wa ukutani, hakuna anayegusa, kwa hiyo uache na ukali wake.

Lainisha mahali pale tu kwa tupa au msasa namba 80, umalizie na 220. Kona zote nne za meza zichukue kidogo, lakini zisilingane. Ukitaka vijishimo viwili vitatu, gonga kwa rundo la funguo, uache hapo. Vinatosha. Vingine watoto watakuongezea bure.

Nilimuuliza yule mama, watu wanakaa wapi kwenye nyumba yako? Akanionyesha: baba anakaa hapa kutazama mlango, bibi anakaa hapa karibu na jiko, wadogo upande huu. Tukalainisha ukingo kufuata mpango ule.

HATUA YA TATU: RANGI YA CHAI NA CHUMA

Paini mpya ina weupe wa manjano. Ili upate ule ukijivu wa kahawia wa mbao iliyokaa, huhitaji rangi ya dukani. Unahitaji chai kali na chuma kilichokaa kwenye siki.

Siki: chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kiasi cha ngumi moja, zioshe kwa sabuni kutoa mafuta, zitie kwenye chupa ya plastiki yenye nusu lita ya siki nyeupe. Misumari yenye kutu pia inafaa, ila inachelewa. Acha siku tatu mpaka saba. Usikaze kifuniko! Chuma kikiliwa na siki kinatoa hewa, na hewa hiyo inaweza kupasua chupa, tena inashika moto. Weka chupa nje, mbali na jiko na mbali na watoto. Andika juu yake kwamba siyo ya kunywa wala kupikia. Baadaye chuja kwa kitambaa.

Chai: majani vijiko sita vya chakula kwenye nusu lita ya maji, chemsha, acha mpaka ipoe kabisa. Majani ya hapa ya Thyolo na Mulanje yanafaa sana. Chai ina ile kitu inayokausha ulimi. Miti mingine inayo kwa wingi ndani ya mbao zake, lakini paini inayo kidogo, ndiyo maana tunaiongezea.

Paka chai kwanza, mbao yote, uache ikauke. Kesho yake au baada ya saa kadhaa paka ile siki ya chuma kwa kitambaa. Mwanzoni utadhani hakuna kitu. Subiri. Ndani ya dakika chache mbao itaanza kubadilika mbele ya macho yako: kijivu, kahawia, na mahali pengine karibu na weusi. Chuma kinakutana na ile ya kwenye chai, vinazaa rangi. Zamani huko Ulaya wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa njia ya jamaa hiyo hiyo, chuma na maji ya mmea mkali.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao ule ule. Ikiwa giza sana, ongeza maji kwenye siki. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, maana vidole vitabaki vyeusi siku mbili.

Ikikauka, pitisha msasa namba 220 kwa upole juu ya zile sehemu ulizolainisha, kwenye viwiko na miguu. Rangi itapungua pale, mbao itachungulia, na kitu chote kitaanza kuonekana cha kweli.

KWA MBAO ILIYOKWISHA KUPAKWA RANGI

Kama una stuli ya rangi, kuna njia nyingine ya mshumaa. Unapaka rangi ya giza kwanza, inakauka. Unasugua mshumaa kwenye kingo na mahali pa mikono. Unapaka juu yake rangi nyepesi, nyeupe au buluu ya maji. Ikikauka unasugua kwa msasa. Pale palipokuwa na mshumaa rangi ya juu inabanduka yenyewe na ile ya chini inatokea.

Lakini sikilizeni vizuri, wazazi. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kitu cha zamani chenye rangi ambayo hujui ilitoka wapi usikisugue kikavu. Kiache kama kilivyo, au ukipake rangi mpya juu. Vumbi lile linaingia kwenye godoro, kwenye udongo wanapochezea, na mdomoni.

MOTO

Wengine wameona picha za mbao zilizobabuliwa kwa moto zikawa nyeusi. Ni kazi ya kweli. Wajapani wamefanya hivyo kwa mbao za kuta siku nyingi. Wanafunga mbao tatu pamoja kama bomba, wanawasha moto ndani, halafu wanazima kwa maji. Uso uliobabuka unaisaidia mbao isioze upesi. Lakini mimi nawaomba msifanye hivyo hapa. Nyumba zetu zimebanana, nyingine paa ni nyasi au plastiki, na maji siyo ya kumwaga. Chai na siki vinatosha.

HATUA YA NNE: NTA

Bila nta, mbao iliyokwaruzwa itakunywa mchuzi na kushika uchafu. Sugua kipande cha nta ya nyuki moja kwa moja juu ya mbao, halafu weka kitambaa cha pamba, pitisha pasi yenye joto la kiasi. Nta itayeyuka na kuingia. Sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usinate.

Msitumie mafuta ya kupikia. Hayakauki, yananata na kuita vumbi na mende. Wenye uwezo wa kupata mafuta ya kitani dukani wanaweza kuyatumia kabla ya nta, ila vitambaa vyake wasivikunje na kuvitupa kwenye kona. Vitambaa vile vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto usiku bila mtu kuvigusa. Vitandaze nje vikauke, au uviloweke majini.

MAMBO MAWILI YA MWISHO

La kwanza ni la yule baba mwenye nyumba. Meza ilipokwisha alikuja kuitazama kwangu. Akazunguka, akagusa, akanyamaza. Halafu akasema, "Fundi, mbona mmefanya kazi kubwa hivi? Si wanaweza kutuita tena wakati wowote? Meza kama hii mtu ataiachaje?" Alisema kwa upole, lakini niliona kwamba ile meza inamwogopesha. Kwake ilikuwa kama kusaini kwamba hatuondoki tena.

Nilimjibu, "Kaka, wakiwaita mtakwenda. Meza haitawashika miguu. Lakini leo jioni mtakula wapi?"

Hakujibu. Aliichukua upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaibeba. Sijui kama nimembadilisha mawazo, wala haikuwa kazi yangu kumbadilisha. Najua tu kwamba nikipita jioni naona watoto wanaandikia juu yake, na yeye amekaa pale pale upande wa kutazama mlango.

La pili ni la ukweli. Kitu chenye sura ya zamani kinaweza kutumika kudanganya. Katika miji mingi ya Afrika kuna vinyago vipya vinavyofukiwa ardhini au kutundikwa juu ya moshi, ili mtalii aambiwe ni vya mababu. Na hapa kwangu alikuja mfanyabiashara mmoja, akapenda kazi, akataka stuli kumi. Bei yake ilikuwa nzuri. Halafu akaona kwamba chini ya kila kitu ninachokizeesha nachoma kwa msumari wa moto mwaka nilioutengeneza. Akasema, "Hiyo namba usiweke. Mimi nitawaambia wateja ni za wakati wa ukoloni." Nikamwambia namba inabaki. Akaondoka na pesa zake. Mke wangu aliuliza tutakula nini mwezi ule, na swali lake lilikuwa la haki. Tulikula maharage na tuliyazoea.

Lakini sikuitoa namba, na nawaomba ninyi mnaojifunza kazi hii msiitoe. Sisi hapa ni watu ambao karatasi zetu zinaulizwa kila siku: umezaliwa lini, umefika lini, thibitisha. Tunajua inavyouma mtu asipoamini mwaka uliomtajia. Tusiwafundishe watoto wetu kuandika mwaka wa uongo, hata chini ya stuli. Juu sura iwe ya zamani kadiri unavyopenda. Chini iwe na mwaka wa kweli.

Yule mama nilipompelekea meza aliinama kusoma namba ile. Nilidhani atasema nimemharibia sura. Akasema, "Vizuri. Watoto watajua ni mwaka gani tuliamua kukaa mezani tena."

Basi ndugu zangu, mwenye ubao wa paini na brashi anaweza kuanza leo. Anzeni na kitu kidogo, stuli au rafu ya vikombe, kabla ya meza kubwa. Nta irudieni kila baada ya miezi sita. Miguu ya meza iwekeeni vipande vya bati au mawe bapa chini, ili mchwa na unyevu wa sakafu visiipande. Mwenye swali anitafute kibandani, na mwenye njia yake nzuri kuliko yangu aje nayo pia, tutajifunza wote.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi, fundi wa mbao.